Indeksi ya Tatu, Kaka Paluku

Mubi, Jumapili baada ya misa

Kaka Paluku,

Nimekuficha jambo mpaka ukafa. Naona haya hata kuliandika.

Unakumbuka Mama Masika alipokuja kituoni kumtafuta mwanawe Kambale, dereva wa pikipiki? Tulikuwa tukiandikisha waliokimbia vita kwa programu uliyoiandika kwa lugha ya C, ili ndugu waliopotezana wakutane. Kambale hakuonekana. Mama akapiga meza: "Mashine yenu iko kipofu!"

Ulikuwa tayari kitandani na homa. Ukaniambia, "Andika programu iiulize hifadhidata mukusanyiko wa majina uko na indeksi gani, zile za kupanga na kuchunga majina. Usikisie. Kichwa yako haiko ordinateri, haiko kompyuta, weye!" Kesho yake ukauliza kama nimeorodhesha. Nikajibu, "Njo vile, kaka. Iko sawa tu."

Sikuwa nimeorodhesha. Niliona haya kusema kwamba sikuelewa namna ya kuandika.

Ukageukia ukuta. "Basi kosa iko mu kazi yangu." Ulifariki siku ya tatu.

Baada ya mazishi nilifungua daftari lako. Programu yenyewe ilikuwa mistari michache: omba orodha, chukua indeksi moja moja mpaka ziishe, chapisha jina la kila moja. Nikaiendesha, zikatoka tatu. Mbili zako. Ya tatu yangu, niliyoiweka bila kukuambia ili mtu asiandikishwe mara mbili: ilikataa jina lile lile kutoka kijiji kile kile. Mimi Muhunde wa kijiji cha Kingi, niliyekula kwenu miaka yote, nilisahau kwamba kwenu Wanande mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, nyumba kwa nyumba! Kambale wa kwanza wa Mubi aliingia. Waliomfuata walikataliwa kimyakimya, kwa kuwa sikuiambia programu ionyeshe kosa.

Niliifuta indeksi hiyo. Nikaandikisha upya kutoka kwenye karatasi tulizoletewa na kambi zote. Wakambale kumi na mmoja, kaka. Kambale wa Mama Masika alikuwa Masisi, mzima.

Wamekutana. Lakini mama bado anawaambia watu, "Paluku alitupotezea watoto na mashine yake." Nimemsikia mara mbili. Mara mbili nimeinama.

Kesho asubuhi nitakwenda kwake, nimwambie mbele ya majirani kwamba mkono ulikuwa wangu. Sitasema nilikuwa mwanafunzi wako tu. Sitasema kulikuwa na vita.

Pumzika, kaka. Hata mimi, unikumbuke.

Mdogo wako, Bahati