Tumerudi Kulifyeka Ua Lako

Nyumbani, mtaa wa juu,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Vipi goti lako? Na ile baridi ya huko mmeshazoeana, au bado mnagombana? Sisi huku wazima. Baba macho yamepungua nguvu, ila ulimi uko palepale. Ukiona alama za vidole kwenye karatasi usinicheke, ni udongo wa bondeni.

Ndiyo, Shangazi, tumerudi bondeni. Mwezi mzima sasa, kila Jumamosi nafunga cherehani na kwenda na majirani kung'oa yale maua ya miiba.

Unakumbuka palivyokuwa? Nyasi fupi mpaka kisimani, nyumba tisa zinatazamana. Mama akiishiwa chumvi hakuondoka jikoni; alipaza sauti tu, chumvi ikaja. Kisha wewe ukaleta kile kijiti kwenye kopo la maziwa, kutoka bustani ya meneja ulikokuwa ukifua nguo. Kilipochanua njano na waridi kwa pamoja, sisi wasichana tulichuma tukabandika masikioni, tukakufuata nyuma kama vifaranga. Sijaona kitu kizuri kama siku zile.

Yaliyofuata unayajua nusu, maana ulishaolewa mbali. Ua likawa uzio wa kila nyumba, kisha likawa msitu. Likaziba njia ya kisimani. Mbuzi watatu wa jirani yetu Mkunga walikula majani yake wakafa. Moja moja, nyumba zikahamia huku barabarani tunakobanana. Yetu ilikuwa ya mwisho.

Watu walipouliza balaa hili limetoka wapi, Baba alijibu, "Ndege." Miaka yote hiyo, ndege! Nadhani na wewe ulijua kuwa ni ua lako, ndiyo maana barua zako hazikuwahi kuuliza habari za bondeni.

Wiki iliyopita tumekaa tunapumzika, jirani yetu fundi mwashi akasema, "Aliyelileta angekuwepo, ningempa panga langu hili."

Baba akasimama. "Ni dada yangu. Mimi niliwadanganya."

Nilitamani ardhi inimeze. Mkunga akaweka kikombe chini. "Kwani ulidhani hatujui? Mimi nilimwomba kijiti akaninyima, nikaenda kumwibia mchana kweupe!"

Fundi mwashi akakuna kichwa, akakiri kuwa marehemu mama yake alichukua viwili. Kicheko kilichotoka hapo, Shangazi! Baba naye alicheka, kisha akageuka akafuta machozi. Sijawahi kumwona hivyo.

Jana tumefikia sakafu ya nyumba yetu. Imepasuka, lakini kizingiti kipo. Nilikaa juu yake nikaona kisima, nikashindwa kuinuka mpaka Mama akaniita mara ya tatu.

Familia nne zimeamua kurudi, na viwanja vimeshapimwa. Kimoja, pembeni yetu, ni chako. Baba kakomaa nacho, na hakuna aliyebisha. Shangazi, usione haya tena. Njoo.

Mama, kaka mkubwa na Mkunga wanakusalimu sana. Nibusie watoto wote, hasa kitinda mimba wako mwenye maneno mengi. Mungu akulinde na akufungulie njia.

Fundi mwashi aliuliza nyumba yako iwe na vyumba vingapi. Nimeshamwambia viwili, maana wajukuu watakuja. Usiniangushe.

Akupendaye, mtoto wa kaka yako,
Sindano