Kura Moja ya Esteria

Jumanne, 26 Novemba
Kesho uchaguzi wa kitongoji. Mdogo wangu Esteria kagombea uenyekiti! Mwanamke, tena wa upinzani, tena huku kwetu juu ya Gare, ambako chama ni kile kile tangu sijaota meno. Huku inayopiga kura ni nyumba, si mtu. Baba akisema, imetoka. Balozi wa nyumba kumi anapita wiki moja kabla na jumla anaijua kabla sanduku halijafunguliwa.

Ila bomba la maji limegeuzwa kwenye kabichi za mwenyekiti, mwaka wa pili huu, na sisi tunashuka korongoni na ndoo. Leo baada ya mazoezi ya kwaya yetu ya akina mama, Scholastica, kiongozi wetu, kafunga mlango wa kanisa. Akina mama thelathini na moja tumekubaliana: wote kwa Esteria, waume wasijue. Benjamini wangu ndiye msimamizi wa kituo, kwa hiyo mimi hasa nifunge mdomo.

Jumatano, 27 Novemba
Nimepiga. Vema kubwa mbele ya jina la Esteria. Benjamini kanipa karatasi kama hanijui.

Matokeo yamebandikwa jioni kwenye ukuta wa darasa. Mwenyekiti 243. Esteria 1.

Moja! Hiyo ni yangu. Esteria mwenyewe hakuwahi kupiga: mama mkwe kazidiwa alfajiri, akampeleka hospitali Lushoto, karudi kituo kimefungwa. Kwa hiyo wale thelathini wote — waongo! Ndani ya nyumba ya Mungu!

Alhamisi, 28 Novemba
Nimemwambia Esteria kwamba ile moja ni yangu. Kanilalia begani, kalia. Nikalia naye.

Korongoni nimekutana na Scholastica. Hakunisalimu. Nami sikumsalimu. Uso mkavu, kana kwamba mimi ndiye msaliti!

Ijumaa, 29 Novemba
Esteria kaja asubuhi, hakuingia. Shikamoo hakutoa, na tangu utoto hajawahi kuninyima. Kasema Paskalina wa kwaya alikuja kwake jana, akaapa kwa marehemu mwanawe kwamba ile kura ni yake. "Mmoja wenu ananidanganya, Dada. Na mume wa Paskalina hakukaa mezani na makaratasi." Halafu akahamia Kishambaa, na Esteria akigombana kwa Kishambaa ujue kaumia hasa. Siandiki aliyoyasema.

Nimemenya njegere. Maganda nikayatia sufuriani, njegere nikampa mbuzi.

Paskalina hawezi kumwapia marehemu mwanawe uongo. Yake moja, yangu moja. Hizo ni mbili tayari.

Nimemuuliza Benjamini. Alikuwa ananoa jembe. Kwanza kasema niache siasa. Kisha kaweka tupa chini. Kasema watu wa mwenyekiti walimletea fomu ya matokeo imeshajazwa, yeye kutia sahihi tu. Esteria aliandikiwa sifuri. Akawasihi: jamani, huyu ni shemeji yangu, sifuri ni aibu, mpeni japo moja. Wakacheka, wakampa.

Na alikuwa anangoja nimshukuru! Nimeona usoni. Mungu wangu, huyu mwanamume! Ingebaki sifuri, kila mama wa kwaya angejua hapo hapo kwamba kura yake imeibwa. Hiyo moja ya heshima imefanya kila mmoja adhani ni yake, na wenzake wamemsaliti.

Halafu kasema taratibu: "Likijulikana naenda jela, Mama Heri."

Sina pa kushika.

Jumamosi, 30 Novemba
Kwaya haikuimba. Paskalina kasimama kusema ile kura ni yake. Scholastica kamkatiza: yako vipi, ni yangu! Sauti nyingine nyuma: yangu. Nyingine. Siku tatu tumenyimana salamu, kumbe hakuna aliyevunja ahadi! Wengine wakaangua kicheko, wengine kilio.

Kisha wakanigeukia mimi. Nikasema, yangu pia. Esteria, naye alikuwapo, akaniuliza mbele ya wote: shemeji kakuambia nini? Nikasema hajaniambia kitu.

Nimesema hivyo. Kanisani. Nikiwa nimesimama pale pale nilipowaita wao waongo.

Jumapili, 1 Desemba
Baada ya ibada Esteria kaniletea karatasi ya malalamiko. Kesho anaipeleka Lushoto. Akina mama wote wako tayari kutia sahihi, lakini wanataka yangu iwe ya kwanza. Mke wa msimamizi akikataa, kasema Scholastica, sisi nani atatusikiliza? Na waume wao wataanza kuuliza walimpigia nani. Nikitia, Benjamini amekwisha. Nisipotia, Esteria ataonekana mwongo kitongoji kizima na bomba halirudi, na mimi sina ndugu. Nimemwomba aniachie mpaka jioni. Kanipa shikamoo, safari hii. Afadhali angenitukana.

Karatasi iko hapa, chini ya daftari hili. Mistari thelathini na moja, wa juu una jina langu tayari, kwa mwandiko wa Esteria.

Benjamini yuko jikoni. Kawasha moto mwenyewe — miaka kumi na tisa ya ndoa, sijamwona akiinama kwenye jiko! Hajauliza karatasi ni ya nini. Nasikia anahangaika na vikombe. Sasa kachungulia mlangoni, macho mekundu kwa moshi, anauliza chai yangu huwa natia sukari vijiko vingapi. Jioni ndiyo hii, na kalamu ninayo mkononi. Bado kasimama hapo, kashika kijiko.