Fungu la Mtumbwi

Jumatatu, 8 Mei 2000

Kugawanya tena. Wiki ya tatu. Chaki imekwisha, naandika kwa kipande cha muhogo mkavu, na nikikiweka chini tu mtu anakitafuna. Madawati askari waliyapikia ugali mwaka jana, watoto wanakalia matofali. Hayo nayavumilia. Kisichovumilika ni hiki: wavuvi watano wamepata samaki thelathini na watano, kila mmoja atapata wangapi? Darasa zima limejibu watano. Na jedwali la saba wanaliimba mpaka kuku wa jirani wanalijua.

Mmoja tu ameandika saba. Neema, aliyekimbilia huku na mama yake vita vilipofika Kilembwe. Nimemsifu mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Sijui wanacheka nini. Kichwa kinaniuma.

Jumanne, 9 Mei

Direkta, mkuu wetu wa shule, anasema inspekta wa elimu atapita wiki ijayo. Atauliza hesabu yeye mwenyewe. Atakayekosa hafanyi mtihani wa kumaliza la sita, na bila mtihani huo sekondari aisahau. Nimeshauriwa kutumia fimbo. Fimbo waliipata kwake mwaka jana, matunda yake ndiyo haya.

Nimewapa mihogo. Mihogo ishirini na minne, watu wanne. Wote: sita. Nikageuza: samaki ishirini na wanne, wavuvi wanne. Wote: wanne. Na Neema naye: wanne. Jana alijua, leo hajui. Nimemuuliza kwa nini, anaangalia miguu yangu tu. Nimetoka nje nisije nikasema neno baya.

Jumatano, 10 Mei

Nimeokota mbegu za michikichi, kikapu kizima. Wazo langu: hesabu waishike kwa mikono, waache kuiimba kama kwaya. Mbegu ndizo samaki, kila kundi ligawane. Wakaanza vizuri. Nikasogea kwa kundi la Riziki, mtoto wa wavuvi, kichwa kigumu lakini ana akili. Watu wanne. Chini, mafungu sita.

Nilikuwa nafungua mdomo, risasi zikalia upande wa mlimani. Wote nje, mbio, ndani ya mashamba ya mihogo. Tumelala kifudifudi mpaka jua likapinda. Hakuna aliyeumia. Mbegu zote zimekanyagwa. Vita hivi vimekula kila kitu, sasa vinataka na somo langu.

Ijumaa, 12 Mei

Jana hatukufungua. Leo nusu ya darasa. Riziki yupo. Nimemuuliza, kwa ukali, yale mafungu mawili ya ziada yalikuwa ya mashetani gani. Akajibu taratibu, kama anayemwelewesha mgeni.

"Moja ya mutumbwi, moja ya wavu. Mwalimu, nani anavua bila mutumbwi?"

Darasa zima likaitikia kwa kichwa. Neema pia. Kumbe ndicho walichomchekea: hajui ziwa. Kwao Kilembwe ni mashamba, hakuna mtumbwi wa kupewa fungu. Akaona afadhali akose pamoja na wenzake kuliko kupata peke yake.

Nikasema hesabu ni hesabu, mtumbwi hauna tumbo, uondoeni. Riziki akasimama.

"Baba yangu, baaskari balimubebesha mizigo ya bunduki, bakapanda naye ku mulima. Hakurudia. Mutumbwi yake, bengine njo banavulia. Ile fungu yake njo tunakulaka. Ukiiondosha, mama atapika nini?"

Kumbe fungu la mtumbwi ndilo linalowalisha kwao. Nimewaruhusu mapema. Nimejikasirikia, nimemkasirikia na aliyetunga kitabu hiki, mtu asiyejua hata ndagala, dagaa wa ziwa hili, wananuka vipi.

Jumatatu, 15 Mei

Nimefundisha upya. Kabla ya kugawanya, kila mmoja aseme ndani ya swali mna nani. Mtumbwi ukitajwa, upewe. Usipotajwa, uko ufukoni, haudai kitu. Wameelewa mara moja. Wiki tatu nimekausha koo bure. Kugawanya walijua tangu zamani, mimi ndiye sikuuliza wanamgawia nani.

Riziki amejibu sawa, bila kuniangalia. Amenuna. Namwogopea, maana yeye hashindwi na hesabu, anashindwa kunyamaza.

Jumatano, 17 Mei

Inspekta amefika kwa baiskeli kutoka Fizi, vumbi mpaka kwenye kope. Akafungua kitabu kilekile. Wavuvi wanane, samaki arobaini.

Watano. Darasa zima limejibu watano. Riziki: watano. Na chini yake, kwa herufi ndogo: mutumbwi na wavu bakiwamo, bane.

Inspekta akataka kujua mtumbwi umeingilia wapi. Nimemweleza, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa. Direkta akanikanyaga mguu. Sikunyamaza. Nimemwambia watoto hawa wanagawa vizuri kuliko kitabu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaukata mstari wa pili kwa kalamu nyekundu. Wa kwanza akauacha. Riziki atafanya mtihani.

Nilitakiwa nifurahi. Nimefurahi. Lakini mstari ule mwekundu umelikata fungu la kwao Riziki, na mwenyewe aliuona ukipigwa.

Alhamisi, 18 Mei

Kimya mlimani. Mbegu mpya. Swali nimelitunga mwenyewe, nikaliandika juu kabisa ya ubao: wavuvi sita, mtumbwi mmoja, wavu mmoja, samaki arobaini na wanane.

Neema amekosa. Amesahau wavu, samaki wamembakia mkononi. Safari hii hakuna aliyecheka. Riziki alihamia kwenye tofali la Neema, akazikusanya mbegu zote, akaanza kuzipanga upya chini, polepole, akimwonyesha kwa kidole. Haya ya wavuvi. Hili la wavu. Hili la kwetu.