Kwa Wesley, Mchonga Mawe wa Mahjar

Mwaka umetimia, Wesley, tangu nyundo yako iliponyamaza kule mtaani Mahjar, na bado majirani wa Jeddah hutuuliza kama wewe, Abu Sultan wao, umesafiri.

Ulitoka Marekani ukiwa kijana, ukaja kuchonga mawe kwa msimu mmoja tu. Ukasilimu, ukamwoa Mwanamize, binti wa Kizanzibari wa mtaa wa Bani Malik, ukabaki. Kiswahili ulijifunza kwetu, kwenye sinia la chakula, ukicheka kabla mzaha haujaisha.

Kila jiwe jipya ulilimwagia maji, ukavuta kiti, ukangoja likauke. Penye ufa, maji hukawia kukauka. "Huyu bwana kakaa kama anamwogesha bibi harusi," Mwanamize alikutania. Ukamjibu, "Ngoja, Mama Sultan. Litaonyesha lenyewe linapouma."

Hukuchonga mtu wala mnyama. Hata hivyo baba mkwe wako, Mzee Soud, hakutia mguu katika karakana yako. "Mkwe wangu mtu mwema," alisema, "lakini mambo ya masanamu siyaingilii." Hukumlaumu. Kila Ijumaa ulimpelekea kahawa. Tulijua ulivyotamani akuite mwanawe.

Kisha lile jiwe kubwa la bustani ya Riyadh likapasuka katikati, likiwa linasimamishwa. Msimamizi akataka ufa uzibwe. "Tia gundi, yalla, nani ataona?"

"Mimi nitaona," ukasema. Ukayatenganisha mapande mawili, ukaacha njia ya kupita mtu mmoja.

Tukampeleka Mzee Soud Riyadh akalione. Akaingia katikati, mkono huku, mkono kule, akipapasa mishipa myekundu iliyokuwa imefichika humo tangu dunia iumbwe. Alitoka upande wa pili machozi yanamtiririka.

"Subhanallah! Haya hukuyafanya wewe."

"Ndiyo, baba. Mimi nimepisha tu."

Jina ulilolitamani hakulitamka.

Ulipofariki, Mzee Soud aliomba ufunguo wa karakana. Aliingia peke yake, akakaa humo kitambo. Akatoka amekumbatia jiwe ambalo hukuwahi kulitia patasi. Tukataka kumpokea.

"Niacheni. Nampelekea mwanangu."

Makaburi ya huku hayaandikwi majina. Jiwe lile aliliweka upande wa kichwa chako kwa mikono yake mwenyewe.

Unakumbukwa na mkeo Mwanamize, wanao Sultan na Rania, dada yako Hannah aliyeko Marekani, na baba yako, Soud. Hatujakusahau, wala hatutakusahau.