Hasira Niliyoitema Ugogoni

Mke wangu Mwanahawa,

Pokea salamu za mtu aliyechoka lakini mzima. U hali gani wewe, na huyo uliyembeba yu hali gani? Miguu bado yavimba? Mama mkwe wangu angali anakukataza kuinama? Msikilize, hata akikuudhi. Shikamoo yangu mfikishie kabla hujasoma zaidi, maana ikichelewa atasema nimeoa nikasahau adabu.

Mimi huku ni mzima wa mwili. Upepo wa Ugogo haupumziki, Mwanahawa. Unaingia darasani na vumbi lake, macho yanawasha, koo linakauka, na maji ya kulilainisha tunayachimba kwenye mchanga wa mto uliokauka. Chakula ni uwele na mlenda, kesho yake uwele na mlenda. Nikiota wali wa nazi naamka na huzuni. Lakini sikukaa kitako kuandika habari ya chakula. Nina neno kuhusu ile ruhusa yangu, nimelizungukazunguka siku nyingi, na leo nalisema.

Unajua nilivyokuahidi kuwa hapo Pangani utakapojifungua. Bwana Shauri, Mdachi anayetutawala pale boma la Dodoma, alikwisha kunikubalia. Hata sanduku nilianza kulifunga. Sasa sikiliza yaliyotukia.

Shule yetu iko kaskazini ya Dodoma, njia ya Makutupora, na walimu ni wawili tu, mimi na mkubwa wangu Mwalimu Abdu, mtu wa Tanga. Abdu ni mtu wa swala tano na moyo wa kutoa, ukiugua atakupikia uji kwa mkono wake. Lakini juu ya mlango wa darasa ametundika kiboko, na kila nikimwambia kitu hunijibu, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Mimi nami nilinyamaza. Si nimelelewa na ile methali, hasira hasara?

Siku moja mwanafunzi mmoja, Chilumba, hakuelewa hesabu, akamwuliza mwenzake kwa Kigogo. Kigogo darasani ni marufuku kwa amri ya boma. Abdu akakishusha kiboko. Alimpiga, Mwanahawa, akampiga mpaka mkono wa yule mtoto ukavimba ukawa kama mguu. Asubuhi yake darasani tulikuwemo mimi, Abdu, na mbuzi mmoja aliyeingia kutafuta kivuli. Wanafunzi wote, hakuna.

Habari zikafika boma. Askari akaja na amri: watoto warudi upesi, ama jumbe wa kijiji atiwe mnyororo, na ruhusa za walimu zifutwe. Lo! Moyo ulinipasuka. Nilikuona umelala na uchungu, mimi sipo.

Basi Abdu akanunua mbuzi wa kuomba radhi, tukashika njia kwenda kwa mama yake Chilumba. Ni mjane, mrefu, sauti yake ya kuita ng'ombe. Tukamkuta mbele ya tembe lake, ile nyumba yao ya udongo yenye paa la bapa, na ndugu na majirani wamejaa. "Mbukwenyi," tukasalimu kwa lugha yao. Wakaitikia, lakini kwa mbali. Mama yule akamtazama mbuzi.

"Mfunge pale," akasema. "Mbuzi hajampiga mtu."

Tulikuwa hatujui kuwa tumefika siku ya kumtibu mtoto. Watu wale, mtoto akiugua kwa ugomvi, hawampi dawa kabla hasira hazijatemwa. Kila mwenye kinyongo husimama akasema wazi, mbele ya wote, kinachomkera. Kisha hupiga funda la maji kutoka kwenye kibuyu, akalitema nje ya mlango. Ukiificha, wanasema, dawa haishiki. Ukisema umesamehe na hujasema kwanza ulichokasirikia, wanakuona mwongo.

Abdu, masikini, akafanya kosa la mtu wa pwani. Akaweka mkono kifuani, akasema kwa upole wote, "Mama, mimi sina hasira na mtu. Nimekuja kwa amani."

Watu wakaguna. Yule mama akasogea mpaka karibu ya uso wake.

"Ala! Kumbe ulimpiga mwanangu kwa amani?"

Sikuwa na pa kuficha uso. Mama yule akaanza mwenyewe. Alisema ana hasira na sisi wageni tunaomwita mwanawe mshenzi. Ana hasira na boma lililomchukua mtoto wakati ng'ombe hawana mchungaji. Ana hasira na marehemu mumewe kwa kufa mapema akamwachia mambo haya. Alilia akisema, akapiga funda, akatema. Chilumba naye akaletwa, mkono umefungwa majani. Akasema, "Nina hasira kwa sababu hesabu nilikuwa naitaka." Neno hilo moja tu. Akatema.

Kikaja kibuyu kwa Abdu. Alikitazama, akautazama mlango, nikadhani atakimbia. Kisha akasema kwa sauti nisiyoijua, "Mwalimu wangu alinipiga nikajikojolea mbele ya wenzangu. Nilipofika nyumbani, baba akaenda kumshukuru." Akaongeza, "Nina hasira na wote wawili. Nimeibeba mpaka huku kwenu." Akapiga funda, akatema, nusu ya maji ikamwagikia kanzu.

Nami nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, wallahi yote yakaruka. Nikasema nina hasira kwamba tunaitwa walimu na tunalofundisha ni hofu. Nina hasira na kiboko kile, na anayetuamuru tukitumie, na amri inayomzuia mtoto kuuliza kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo. Nilipomaliza nikapiga funda, nikatema. Sikujisikia mwepesi, nisikudanganye. Nilijisikia mtu aliyetua mzigo akaona safari bado.

Yule mama akampaka mwanawe dawa, ndipo akatugeukia. "Watoto watarudi. Lakini hayo maneno yenu ya boma, mbona mnanimwagia mimi? Mpelekeeni mwenyewe."

Tukaenda. Mbele ya Bwana Shauri Abdu akarudi nyuma yangu, nikasema mimi. Sikupiga kelele, wala sikujikunja kama tulivyozoea. Nikamwambia Bwana, fimbo ndiyo iliyowakimbiza watoto wa shule yako. Iondoe, waache wafundishwe na kuuliza kwa Kigogo, wapokezane zamu za ng'ombe, na watasoma. Nilingoja aite askari.

"Vema," akasema. "Baada ya mvua nitakuja kuwapima mwenyewe. Wasipojua, nyinyi wawili mtalala chini mle viboko hamsa ishirini, na fimbo itarudi." Kisha akanielekezea kalamu. "Lakini aliyesema ni wewe. Ukienda pwani sasa, maneno yako yanakwenda nawe na fimbo inabaki, maana huyu mwenzako hawezi kuyatimiza peke yake. Ruhusa yako bado ninayo hapa. Chagua."

Nikasema nabaki.

Nabaki, Mwanahawa. Hakunifunga mtu. Niliulizwa, nikajibu kwa mdomo wangu, na utajifungua mimi sipo.

Watoto wamerudi, na Chilumba yumo. Asubuhi kabla ya hesabu tunawauliza nani amekasirika na nini, na wanasema, alhamdulillahi, wanasema mpaka unataka kuziba masikio. Wengine hasira zao ni kwangu. Abdu mkono bado unainuka wenyewe, kisha anajikuna kichwa nao, darasa zima linacheka, na yeye anacheka. Kazi imekuwa mara mbili. Jua likizama nalala na viatu.

Sasa najua utakavyojibu. Utaandika, "Si neno, mume wangu, Mungu ndiye mpangaji," kwa sababu ndivyo ulivyofunzwa. Nakuomba usiandike hivyo. Una haki ya kunikasirikia, basi nikasirikie kwa wino. Niite kila jina. Nimeona hasira iliyosemwa inavyoweza kumrudisha mtu, na ile ya kufichwa nimeiona ilichomfanya Abdu. Sitaki nirudi nikute mke mpole aliyenifungia moyo.

Msalimu mama mkwe, na baba mkwe fundi wa kanzu. Msalimu dada yangu Zena, msuka mikeka, mwambie asikuache peke yako hata siku moja. Msalimu na mkunga wenu, Bi Rehema, najua mtoto ataangukia mikononi mwake, si mwangu.

Jina la mtoto ungengoja nilitoe mimi, ndiyo desturi. Usiningoje. Mpe wewe, na lolote utakaloliita, ndilo.

Ni mimi mumeo, Athumani,
mwalimu wa watoto wa watu.