Kengele Imefika, Punda Ameondoka

Nyuma ya Tanuri la Mikate,
Chumba cha uani,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya ukoo mzima, walio hai na waliotutangulia, natangaza rasmi kwamba kengele ya baiskeli imewasili. Imefika salama, haina hata mkwaruzo, imelazwa kwenye kisanduku chenye sponji kama mtoto mchanga. Mama yako alinawa mikono kabla ya kuifungua. Ikalia mara moja, ting. Paka wa jirani akanyanyuka, akaenda zake. Hapo ndipo sherehe ilipoishia.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma, maana naijua kwa kuchelewa: marahaba. Hujambo? Kile kifua ulichokuwa ukikilalamikia wakati wa baridi kimetulia? Sisi hatujambo, yaani tunapumua na majirani bado hawajapata la kusema. Magoti ya mama yako yanamsumbua akitaka kuinuka, isipokuwa simu yako inapolia. Hapo huinuka kama hajawahi kuwa na magoti. Mimi mwili mzima. Mengine utayasoma huko chini.

Najua utashangaa kupokea karatasi zama hizi. Sababu ni kwamba simu ya nyumba hii hukaa mfukoni mwa dada yangu, yaani mama yako, na kila neno linalotoka humo hupita kwake kwanza likapigwa pasi. Haya hayajapigwa pasi. Yule nesi aliyetuletea kengele anarudi huko kwenu wiki hii, na bahasha nitampa langoni, dada akiwa jikoni.

Nianze na Punda, kwa kuwa wewe ulipoondoka ulimwacha mzima.

Unaikumbuka ile baiskeli nyeusi ya chuma ya marehemu babu yako, ambayo mtaa mzima uliiita Punda. Mimi niliirithi pamoja na kazi yake, kutoa mikate tanurini alfajiri na kuisambaza madukani. Kreti nyuma kwenye keria, kreti mbele juu ya hendeli, na mimi katikati kama siagi. Punda hakuwa mzuri wa sura. Breki zake zilikuwa za vyuma virefu badala ya waya, zikibana polepole kama mtu anayefikiria kwanza. Chenikava yake, lile bati la kufunika cheni, ilipiga kelele, kwii, kwii, hata wenye maduka wakafungua milango kabla sijabisha. Lakini alibeba. Na alichobeba ndicho kilichoilisha nyumba hii, wewe ukiwa ndani yake, mpaka ulipopanda ndege.

Basi mwaka juzi mama yako akakutumia picha yangu, nimesimama na Punda baada ya mvua, tope mpaka magotini. Wewe ukajibu: "Masikini mjomba! Bado anapanda hilo?" Dada alinisomea kwa sauti, anacheka kwa furaha. Mimi sikucheka. Neno "masikini" likitoka kwa mtu wa ng'ambo, nyuma yake kuna kifurushi.

Kikaja. Magurudumu mawili, membamba, mepesi, yanang'aa kama sahani za wageni. Unaijua sheria ya ukoo wetu, ijapokuwa hakuna aliyewahi kuitunga: kitu kilichotoka mbali kwa mtu wetu hakirudishwi, hakiuzwi, wala hakifichwi uvunguni. Kinafungwa, na picha inapigwa. Nilijaribu kusema. Nilisema, "Dada, haya ni ya kukimbilia, mimi nina mizigo." Akaniambia, "Wewe mtoto, usinitie aibu. Mwanangu ameteseka kuyatafuta." Nina mvi nyingi kuliko yeye, lakini kwake bado ni mtoto, na mtoto akaenda kumwita fundi.

Fundi wetu, kama umemsahau, ni yule anayeitwa Gololi, mfupi, mviringo, hatulii mahali pamoja. Dada alimwekea kigoda uani, naye akakaa juu ya kingine, simu mkononi, kama msimamizi wa mtihani. Magurudumu yakafungwa. Picha ikapigwa. Tabasamu uliloliona pale halikuwa langu, nililiazima kwa mama yako.

Kesho yake nikagundua kwamba zile breki za vyuma hazikukubaliana na magurudumu yako. Zinabana hewa. Nilishuka mteremko wa sokoni nikisimamisha Punda kwa soli ya kiatu, nikiwaomba msamaha watu niliokuwa bado sijawagonga. Dada akakueleza, kwa lugha ya pasi, kwamba "mjomba amefurahi sana, ila angependa breki." Ukatuma breki za waya. Mikono ya breki hizo ikakataa kushika hendeli ya zamani. Ukatuma hendeli, ile iliyopinda kama pembe za kondoo dume. Nikiishika nainama hadi naonekana kama mtu aliyedondosha sindano barabarani. Tena hendeli hiyo haina pa kuegesha kreti, kwa hiyo kreti ya mbele nikaiaga.

Halafu ukatuma gia. Gololi akaipima, akaipima tena, akasonya. "Mzee, hii haiingii. Fremu yako huku nyuma ni nyembamba. Ama tuipanue kwa nyundo, ama tuache." Nikasema tuache, moyo ukanitulia kidogo. Mama yako alikuwa ameshapiga simu. Nakumbuka sauti yako ilivyotoka humo, imechangamka: "Usijali, mjomba! Nitatuma fremu!"

Mwanangu, mtu akikwambia kiatu hakimtoshi, humletei mguu mwingine.

Fremu ikaja, bluu, nyepesi, dada aliinyanyua kwa vidole viwili akaizungusha uani akiwaonyesha majirani. Ilipofungwa, hakukuwa na kilichobaki cha Punda. Nilibaki mimi tu, na siku ile nilimwona mama yako akinitazama kwa jicho la mtu anayefikiria kipuri.

Sasa hapa ndipo ujinga wetu ulipo, na sikufichi. Kila Gololi alipofungua kitu cha zamani, dada alimwambia, "Chukua hicho, baba, ndiyo shukrani yako. Vyuma vya kutu visikae karibu na vitu vya mwanangu." Gololi alivitia gunia, akainama kwa adabu, akaondoka. Magurudumu, breki, hendeli, mwishoni fremu na keria yake. Hakuiba. Alipewa, tena kwa kusisitizwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshikilia spana.

Keria ndiyo iliyonimaliza. Nilimwambia Gololi airudishe kwenye fremu mpya, akaizunguka akiipapasa kama daktari anayetafuta mshipa. "Mzee, hii haina masikio ya kushikia keria. Hii ni ya kukimbia tu."

"Kukimbia kwenda wapi?"

"Hilo muulize mpwa wako."

Akanifungia kikeria fulani kinachobana kwenye bomba la kiti. Kilifaa kubebea koti. Alfajiri yake nikaweka kreti moja, nikaifunga kwa mpira, nikaenda kwa hadhari kama mwali. Kwenye kona ya kituo cha mafuta kikeria kikageukia upande wake, kreti ikafuata, mikate ikatawanyika barabarani. Mbwa wa mlinzi wa kile kituo hajawahi kunipenda hivyo. Madereva walipiga honi, mmoja akachungulia dirishani akauliza, "Babu, unalisha barabara?"

Mwenye tanuri unamjua, yule mama mnene asiyepandisha sauti. Aliiangalia baiskeli, akaniangalia mimi, akaifuta mikono yake unga.

"Mzee wangu, sikufukuzi. Ukipata baiskeli, njoo."

"Na hii ni nini?"

"Hiyo ni pambo."

Wenzangu wakacheka, kisha wakaona aibu wakaacha, na huko kuacha ndiko kulikoniuma. Nilitoka pale nikiisukuma, na hata kuisukuma kunataka mtu mfupi.

Wiki haijapita, niko kibarazani napiga mswaki, nikasikia kwii, kwii. Mswaki ukabaki mdomoni. Akapita Mlingoti, yule jamaa mrefu aliyekuwa akibeba mizigo sokoni kwa bega. Yuko juu ya Punda. Punda yule yule: Gololi alikuwa amemuunganisha mfupa kwa mfupa kutoka kwenye gunia, akampaka mafuta, akamuuza. Kreti mbele, kreti nyuma. Njia yangu, maduka yangu, mkate wangu.

Nilimfuata hadi duka la pembeni. Nikamwambia tubadilishane: achukue ya bluu, gia zote, breki za waya, taa, kila kitu, anipe hiyo ya kutu. Akafikiri ni utani. Alipoona sicheki, akashuka, akaikagua yangu kwa heshima zote, akaibinya matairi.

"Mzee, nzuri sana. Inabeba nini?"

"Inabeba mtu."

"Mtu mimi ninaye," akasema, akapanda akaondoka.

Nisikilize vizuri, mpwa wangu. Kwa yale maneno yake sina kinyongo naye, wala na Gololi. Kinyongo ninacho na wewe. Yule mbeba mizigo, asiyenijua hata jina, aliuliza mara moja swali ambalo wewe hukuliuliza tangu kifurushi cha kwanza. Uliniuliza vipimo vya bomba la kiti. Uliniuliza napenda rangi gani. Ulinitumia picha yako na wenzako mmevaa kofia zinazofanana juu ya mlima, ukaandika kwamba sasa na mimi nitaruka. Nabeba nini, hukuuliza. Nawe ulikua ukila hicho nilichobeba.

Na dada yangu amenikataza kukwambia. "Atajisikia vibaya," anasema. "Yuko peke yake kule." Basi kila ukipiga, huwa niko bafuni, au niko njiani napeleka mikate. Ukisikia hivyo unafurahi: "Kwa hiyo inamfaa!" Dada anajibu inamfaa, halafu anakata simu, anaishika mkononi muda mrefu bila kuiweka mfukoni. Kila kifurushi kikija, huo ndio mtindo wake: anatoa kipuri anakiweka pembeni, kisha anakung'uta sanduku, anapapasa sponji mpaka chini. Anatafuta karatasi yenye mwandiko wako. Anachokipata ni maelekezo ya kufunga, kwa lugha nyingi, hakuna hata moja aliyokufundisha yeye. Anayakunja, anayahifadhi kabatini. Unapopiga simu ni kuuliza mzigo umefika au bado. Sijui kama umewahi kuusikia mwisho wa jibu lake la pale unapomuuliza hali.

Baiskeli yenyewe inaishi sebuleni. Nje haiwezi kulala, wezi wana macho. Tumeuhamishia uani ule mkeka wa wageni ili ipate nafasi, na wageni wakija mama yako huwapigia kengele yako mpya. Wanasema ala, kumbe. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Chetu kinaegemea kabati. Shangazi yako wa duka la vitambaa aliuliza kama inaweza kuanikiwa nguo. Nikasema tusubiri, huenda kuna kipuri chake.

Nikuombe jambo moja. Usitume tena. Usitume kiti cha kupoza mgongo ulichokitaja, usitume ile saa ya kuhesabu mwendo. Wala usitume fedha za kunifariji, maana dada atazigundua atauliza zimetoka wapi na kwa nini. Ukiona mkono unawasha kutuma kitu, tuma miguu yako miwili, yenyewe haihitaji kufungwa na fundi. Mama yako hana haja na gia.

Mengine huku ni ya kawaida. Bomba la maji la uani limetengenezwa na limeharibika tena. Mwalimu wako wa zamani wa hesabu amestaafu. Anauza miche ya miti na bado anafoka. Mvua ni za kutosha. Ukuta wa chumba chako umefanya ufa mdogo, dada ameufunika kwa picha yako ya kuhitimu, kwa hiyo hauonekani.

Nisalimie mkeo, mwambie ile sweta bado naivaa hata joto likiwepo. Nisalimie wanao wawili, wanaoniita "babu wa baiskeli", wasiambiwe kitu. Shangazi yako anakusalimu. Gololi naye anakusalimu kwa moyo wote, hajawahi kupata mteja kama wewe. Mama yako angekusalimu, ila hajui kwamba naandika.

Mungu akukinge na baridi ya huko, akupe barabara isiyo na kona kali, na siku moja aigeuzie baiskeli yako upande wa kwetu.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata nikinuna.

Nilikuwa nasahau: jibu lako usilitume nyumbani, litume kwa anwani ya tanuri. Niko pale asubuhi hadi jioni. Nafagia.