Mapigo ya Dakika Nzima

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi kwenye kiti chako, miguu haijavimba, na Mama hajachoka kukuficha kopo la sukari. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na anaringa nayo kama mali. Wasiwasi wangu ni wewe tu. Huu ni mwaka wako wa kumi na moja na kisukari, na tangu mwaka juzi hutaki kukanyaga kliniki kwa sababu kadi yako ya mwisho, ile iliyojazwa hapa kwetu ulipokuja kututembelea, ilisema moyo wako mzima. Kuna jambo kuhusu moyo huo nimelimeza siku nyingi. Nitalitoa kabla karatasi haijaisha, ila niache nianze na sifa zangu, maana nikianza na hilo hutasoma mengine.

Baba, binti yako siku hizi anatajwa. Unajua mimi hukaa meza ya kwanza ya kliniki ya kisukari: napima uzito, napima presha, nahesabu mapigo ya moyo, kisha namwachia daktari. Kwa miaka mingi safu ya mapigo kwenye daftari letu ilikuwa porojo tupu. Mtu anafika anahema kwa kupanda ngazi, anashikwa mkono sekunde kumi na tano, tunazidisha mara nne. Siku foleni ikifika mlangoni, hata mkono haushikwi. Inaandikwa sabini na mbili, namba ya moyo mzima, basi. Ukifunua kurasa za zamani utadhani mji mzima unatumia moyo mmoja.

Mwaka jana akaja daktari mpya, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Alituambia kwamba mwenye kisukari ambaye moyo unamwenda mbio hata akiwa ametulia yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua moyo kuliko mwenzake ambaye wake unakwenda taratibu. Akasema namba hiyo peke yake si ugonjwa, ila inatuambia tuangalie zaidi, hasa kwa watu hawa, maana sukari ikikaa sana mwilini huweza kuharibu mishipa ya fahamu, mtu akaumwa moyo bila kusikia maumivu ya kifua. Akauliza nani atahesabu inavyotakiwa. Mimi nikanyoosha mkono.

Hapo ndipo nilipogeuka adui wa benchi zima. Kila mtu nilimkalisha dakika tano kimya, ndipo nikamshika kifundo cha mkono dakika nzima huku macho yangu yakiwa kwenye saa ya ukutani. Walinisema mpaka wakachoka. Fundi viatu mmoja aliuliza kama nahesabu mapigo au natafuta mchumba. Wakanibandika jina, Bi Dakika. Sikujali hata kidogo. Nilikukumbuka wewe pale ghala la nafaka, madereva wanapiga honi, meneja anafoka, nawe hushiki kalamu mpaka mshale wa mizani utulie. Nilijiona mtoto wako hasa.

Kisha akaja mshonaji wa sare za shule, mama mcheshi asiye na lalamiko lolote. Mara ya kwanza nilihesabu mia moja na mbili. Mwezi uliofuata mia moja. Wa tatu, mia moja na nne. Yeye alishikilia kwamba ni cherehani ya miguu inayomzoesha mbio. Nilimpeleka kwa daktari mimi mwenyewe, nimemshika mkono asinitoroke. Vipimo vikaonyesha mishipa miwili ya moyo imeziba zaidi ya nusu. Leo anameza dawa zake, amerudi kazini, na amenishonea koti jeupe lenye mifuko minne. Wiki iliyopita nililivaa nikawafundisha wauguzi wa kliniki nyingine tatu. Watu thelathini, Baba, na sauti yangu haikutetemeka! Nimefurahi mpaka naona haya kuandika.

Sasa lile jambo. Baada ya mafunzo, muuguzi mmoja kijana aliniuliza kama na mimi niliwahi kuandika sabini na mbili za uongo. Nilicheka, nikamjibu kwamba sote tumewahi. Sikumwambia nilimwandikia nani. Baba, ile sabini na mbili ya kwenye kadi yako niliiandika mimi bila kukugusa. Ulikaa mbele yangu na shati lako la kutokea, foleni imejaa, nikaogopa watu watasema nampendelea baba yangu. Tena niliamini moyo wako ni wa chuma. Wewe hukuwahi kuandika hata gunia moja usilolipima, na mwanao amekuandikia moyo asioupima. Mama anasema kadi hiyo umeionyesha mtaa mzima. Nisamehe. Sina la kujitetea.

Na hili linalofuata usimgombeze Mama, nilimtuma mimi. Wiki hii, siku tatu mfululizo, ulipojilaza baada ya chakula cha mchana, alikushika mkono akahesabu dakika nzima, kama nilivyomwelekeza kwenye simu. Siku ya pili ulifumbua jicho ukamuuliza anatafuta nini, akakwambia anakupenda. Alipata tisini na nane, mia moja na moja, tisini na tisa. Ulikuwa umelala, Baba.

Nisalimie majirani wote, na Mama mwambie kwa kazi aliyoifanya koti hili lilipaswa kuwa lake. Kaka aliyekuletea barua hii hajui kilichomo. Anachojua ni kwamba haruhusiwi kurudi huku kliniki bila wewe, na yuko hapo mlangoni anakusubiri. Vaa viatu, Baba.

Ni mimi nikupendaye na ninayejivunia kuitwa mwanao,
Binti yako wa pili